Unyeti wa Vihisi vya Kamera za Falaki, na Ila Zake

Neno "unyeti" limezoeleka sana katika maelezo ya kamera. Mtu anayetaka kupiga picha za nyota zilizofifia, au za mawingu ya gesi yaliyo mbali mno, huambiwa atafute kihisi chenye unyeti mwingi, kana kwamba unyeti ni sifa moja ipimwayo kwa kipimo kimoja, kama urefu wa kamba au uzito wa mzigo. Sivyo ilivyo. Ndani ya neno hilo yamejificha mambo manne yaliyo mbalimbali: kadiri ya mwanga unaonaswa, kiasi ambacho kihisi chaweza kubeba kabla ya kufurika, jinsi ishara inavyokuzwa baada ya kunaswa, na utulivu wa kihisi chenyewe kinapokuwa gizani. Kihisi chaweza kusifika kwa jambo moja na kuwa dhaifu kwa jingine.

Makala haya yamekusudiwa kuyaeleza mambo hayo mojamoja, pamoja na ila zinazoambatana nayo, na kuonyesha kwamba uchaguzi wa maneno katika elimu hii si pambo la tafsiri. Neno lililochaguliwa vibaya humfanya mtu anunue chombo kisichomfaa, au atafute dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Neno lililochaguliwa vema huonyesha sababu ya ila, na sababu ikijulikana dawa haiwi mbali.

Kutoka bamba hadi silikoni

Kwa muda wa miaka mia hivi wanafalaki walipiga picha za mbingu kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa inayobadilika kwa mwanga. Mabamba hayo yalifanya kazi kubwa, lakini yalikuwa na upotevu mwingi: kati ya chembe mia za mwanga, ziitwazo fotoni, zilizoangukia bamba, moja au mbili tu ndizo zilizoacha alama. Tena mabamba yalichoka. Mwanga uliofifia ukiangukia bamba kwa saa nzima haukuacha alama mara sitini ya ule wa dakika moja, bali pungufu.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George E. Smith wa Bell Laboratories, nchini Marekani, walibuni chombo cha silikoni kinachojulikana ulimwenguni kwa herufi CCD. Kwa kazi hiyo walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1976 James Janesick na Bradford Smith walikitumia chombo cha namna hiyo katika darubini iliyoko Arizona kupiga picha ya sayari ya Uranus, na tangu hapo mabamba ya kioo yakaanza kuachwa, ingawa polepole.

Kihisi cha silikoni ni kipande chembamba kilichogawanywa katika visehemu vidogo sana viitwavyo pikseli. Fotoni ikiingia ndani ya silikoni hung'oa elektroni moja. Elektroni hizo hukaa katika pikseli yake mpaka muda wa picha utakapokwisha, ndipo zinapohesabiwa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa vikombe vilivyopangwa uani kukinga maji ya mvua. Kila kikombe hupokea matone yanayokiangukia, na mvua ikikatika kila kikombe hupimwa. Kitenzi "kukinga" kwa maana hii ya kupokea maji yanayoshuka kinaeleza kazi ya kihisi vizuri kuliko kitenzi "kuona", kwa kuwa kihisi hakioni kitu: hukinga, hukusanya, kisha huhesabiwa. Mwanga ukidumu mara mbili, elektroni huwa mara mbili. Hii ndiyo fadhila ambayo bamba la kioo halikuwa nayo.

Kunasa na kubeba

Jambo la kwanza, basi, ni kadiri ya fotoni zinazonaswa kati ya zile zinazofika. Kadiri hiyo inafaa kuitwa "unasaji", nayo hutajwa kwa asilimia. Katika vihisi vya kwanza mwanga ulipita upande wenye nyaya ndogo za umeme, na sehemu ya mwanga ikazuiliwa. Baadaye mafundi walikipunguza kipande cha silikoni unene na kukigeuza, mwanga ukaingia kwa upande wa nyuma usio na nyaya. Vihisi bora vya namna hiyo hunasa zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa baadhi ya rangi.

Hata hivyo asilimia moja haitoshi kukieleza kihisi, kwa sababu unasaji hubadilika kufuatana na rangi. Mwanga mwekundu hupenya ndani zaidi kabla ya kunaswa, na ule ambao urefu wa wimbi lake wapita nanomita 1,100 hivi hupita katika silikoni kama upitavyo katika kioo. Kwa hiyo kipande chembamba hukosa sehemu ya mwanga wa mpaka wa wekundu. Mwanga huo unaporudi na kurudi kati ya pande zake mbili huchora michirizi kama ya mafuta juu ya maji. Kamera ya Vera C. Rubin Observatory huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza kwa watu wote mwezi Juni 2025, ina vihisi 189 vya CCD vyenye unene wa maikromita 100, ili wekundu usipotee. Lakini unene nao una gharama yake. Chembe kali zitokazo angani hupata mahali pakubwa zaidi pa kupiga na kuacha alama. Tena elektroni zilizokwisha kukusanyika katika pikseli husukuma kando zile zinazokuja, hata sura ya nyota yenye mwanga mwingi ikawa pana kidogo kuliko ya nyota hafifu. Kwa mpiga picha wa kawaida upana huo si kitu. Kwa wanaopima jinsi maumbo ya makundi ya nyota yanavyopindwa kidogo na uzito wa vitu visivyoonekana, ni kosa linaloweza kuharibu hesabu yote. Sifa na ila huzaliwa pamoja.

Rangi huleta jambo jingine. Kihisi cha kamera ya kawaida kina vichujio vidogo juu ya pikseli zake: kati ya kila pikseli nne, mbili huachiwa kijani, moja wekundu na moja buluu. Mawingu mengi ya gesi ya haidrojeni hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, na mwanga huo hukingwa vizuri na pikseli moja tu kati ya nne. Zaidi ya hayo, kamera za kawaida huwa na kioo mbele ya kihisi kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili rangi za ngozi na nguo zionekane sawa. Ndiyo sababu kampuni ya Canon ilitoa mwaka 2005 kamera iitwayo 20Da, yenye kioo kilichobadilishwa kwa ajili ya wapiga picha za mbingu. Kihisi kisicho na vichujio vya rangi hukinga mwanga kwa pikseli zote, ila mwenyewe hulazimika kupiga picha tatu au zaidi, kila moja kwa kichujio chake, ndipo apate picha ya rangi.

Jambo la pili ni ujazo wa kikombe. Kila pikseli ina kikomo cha elektroni inazoweza kubeba. Kihisi cha CCD cha Kodak kiitwacho KAF-8300, kilichotumiwa sana na wapiga picha za nyota kwa miaka mingi, kina pikseli zenye upana wa maikromita 5.4 na ujazo wa elektroni 25,500 hivi. Kihisi kipya zaidi cha Sony kiitwacho IMX571, cha namna ya CMOS, kina pikseli ndogo zaidi, za maikromita 3.76, lakini hubeba elektroni karibu 50,000. Kikombe kikijaa, nyota hupoteza rangi yake na kuwa nyeupe tupu. Katika CCD nyingi elektroni zinazozidi humwagika katika pikseli jirani na kuchora mstari mrefu juu na chini ya nyota. Ila hii yafaa kuitwa "mfuriko", wala haihitaji neno la kigeni.

Kukuza si kukinga

Jambo la tatu ndilo lililowapotosha watu wengi. Katika siku za filamu, nambari ya wepesi iliyoandikwa juu ya boksi ilikuwa sifa ya filamu yenyewe; mwenye kutaka wepesi zaidi alinunua filamu nyingine. Kamera za silikoni zimerithi nambari hizo, ziitwazo ISO, lakini maana yake imegeuka. Kupandisha nambari hakuongezi hata fotoni moja. Kunakuza tu hesabu ya elektroni zilizokwisha kunaswa, kama vile mtu anayesoma maji ya kikombe kwa miwani ya kukuza: maji hayajaongezeka. Kamera ya Sony iitwayo A7S, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na nambari za ISO zifikazo 409,600. Uwezo wake wa kupiga picha gizani ulitokana na pikseli zake pana, zenye kukinga mwanga mwingi kila moja, na utulivu wa kihisi chake, si ukubwa wa nambari hiyo.

Ukuzaji una faida moja ya kweli: katika vihisi vingi hupunguza makosa ya kuhesabu. Una hasara moja iliyo dhahiri: hesabu hufika kikomo mapema, na nyota zenye mwanga hupoteza rangi. Kwa hiyo mtu asemapo kwamba amepandisha "unyeti" wa kamera, amesema jambo lisilokuwapo. Alichopandisha ni ukuzaji.

Chenga

Jambo la nne ni utulivu wa kihisi chenyewe, na hapa ndipo ila nyingi zilipo. Wataalamu wa nchi za Magharibi hutumia neno la sauti kutaja vidoadoa visivyo na maana vinavyoingia katika picha, na watu wengine wamelifasiri kwa Kiswahili kuwa "kelele". Tafsiri hiyo yafahamika kwa anayejua asili yake, lakini ni neno la sikio lililopewa kazi ya jicho. Kiswahili cha kila siku, hasa cha Tanzania, kina neno lake: picha ya televisheni iliyojaa vidoadoa husemwa kuwa ina chenga. Neno hilo hilo hutaja punje za mchele zilizovunjika, nalo linaonyesha hasa hali ya picha iliyochujuka kuwa punjepunje. Katika makala haya litatumika neno hilo.

Chenga zina asili tatu zilizo kubwa. Ya kwanza haimo katika kihisi kabisa. Fotoni hufika kwa nasibu, kama matone ya mvua. Zikitarajiwa 100, mara zitafika 93, mara 108. Tofauti ya kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi, yaani 10. Zikitarajiwa 10,000, tofauti ni 100, ambayo ni asilimia moja tu. Chenga hizi hazina dawa ila kukusanya mwanga zaidi.

Asili ya pili ni usomaji. Kila pikseli inapohesabiwa, chombo cha kuhesabu hukosea kidogo. Katika KAF-8300 kosa hilo lilikuwa la elektroni 8 hivi. Katika vihisi vipya vya CMOS hushuka hata kufikia elektroni 1 au 2. Katika CCD kuna jambo la ziada, kwa kuwa elektroni huhamishwa hatua kwa hatua, pikseli hadi pikseli, mpaka zifike pembeni zinakohesabiwa. Kila hatua ikihifadhi sehemu 99,999 kati ya 100,000, basi baada ya hatua 4,000 zitakuwa zimepotea asilimia 4 hivi. Angani, ambako chembe kali huharibu silikoni mwaka baada ya mwaka, upotevu huongezeka. Picha za kamera iliyofungwa katika darubini ya Hubble mwaka 2002 zilikuja kuonyesha mikia nyuma ya nyota, na hesabu za kuiondoa zikalazimika kutungwa.

Asili ya tatu ni joto. Silikoni yenye joto hung'oa elektroni zake yenyewe, hata kamera ikiwa imefunikwa. Jina la kigeni la jambo hili, likifasiriwa neno kwa neno, laleta "mkondo wa giza", na msomaji hudhani kwamba giza ndilo linalotiririka. Afadhali ziitwe "elektroni za joto", kwa kuwa jina hilo lataja sababu na kuonyesha dawa, ambayo ni kupoza. Kwa wastani elektroni hizo hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 6 hivi. Kihisi kilichopozwa kwa nyuzi 36 hutoa sehemu moja tu kati ya 64 ya zile za mwanzo. Kamera kubwa za vituo vya uchunguzi hupozwa hadi nyuzi 100 chini ya sifuri au zaidi. Kamera ndogo huwa na kipoza cha umeme kinachoshusha joto kwa nyuzi 35 hivi chini ya lile la hewa. Hapa mahali huleta tofauti: Dar es Salaam au Mombasa, usiku wa nyuzi 27, kihisi hicho kitafika nyuzi 8 chini ya sifuri, juu ya nyanda za baridi, usiku wa nyuzi 7, kitafika 28 chini ya sifuri. Tena pwani hewa ina unyevu mwingi, na unyevu hutua juu ya kioo baridi kama umande na kuifunika picha. Kwa hiyo chumba cha kihisi lazima kizibwe vizuri na kuwekwa punje za kunyonya maji.

Ila zilizobaki zaweza kutajwa kwa ufupi. Kuna pikseli zinazotoa elektroni za joto kupita wenzao, nazo huonekana kama nyota za uongo. Zafaa kuitwa "pikseli ng'avu". Kuna zisizopokea kitu, ambazo ni "pikseli pofu". Kuna mng'ao wa pembeni, unaotoka katika vikuza vya kihisi chenyewe na kumulika kona ya picha. Ulisumbua sana vihisi kadhaa vya CMOS, na katika vilivyokuja baadaye, kama IMX571, umeondolewa. Na kuna pikseli zinazoruka kati ya hesabu mbili au tatu bila utaratibu, ambazo ni taabu zaidi kwa kuwa haziko vile vile katika picha mbili.

Ila zinazofutika na zisizofutika

Dawa ya kawaida ni kupiga picha nyingine kwa muda ule ule na joto lile lile, kamera ikiwa imefunikwa, kisha kuitoa katika picha ya nyota. Kwa njia hii pikseli ng'avu na mng'ao wa pembeni huondoka. Picha nyingine, ya mwanga ulio sawa kila mahali, huonyesha pikseli zipi hunasa kidogo na vumbi liko wapi, na picha ya nyota hugawanywa kwa hiyo.

Lakini yapasa kutofautisha baina ya wastani na nasibu. Kinachotolewa ni wastani wa ila, na nasibu yake hubaki. Ikiwa mng'ao wa pembeni umeongeza elektroni 400, kutoa 400 huondoa mng'ao, na chenga za elektroni 20 hubaki pale pale. Kwa hiyo asemaye kwamba mng'ao si hoja kwa kuwa hufutika amesema nusu ya kweli. Pikseli zinazoruka hazifutiki kwa njia hii hata kidogo. Dawa yake ni kusogeza darubini kidogo kati ya picha na picha, ili pikseli mbovu isiangukie nyota ile ile, kisha kutupa hesabu zilizopotoka. Baya kuliko yote ni kuiachia kamera ya kawaida ifute yenyewe. Programu za ndani za baadhi ya kamera huidhania nyota ndogo kuwa pikseli ng'avu, zikaifuta, na kilichofutwa namna hiyo hakirudi.

Kuchagua

Baada ya maelezo hayo yawezekana kuona kwa nini kihisi kinachonasa zaidi si lazima kiwe bora. Na ichukuliwe kwamba pikseli moja hufikiwa na fotoni 40 kutoka wingu hafifu. Kihisi cha kwanza hunasa asilimia 90, na kosa lake la usomaji ni elektroni 8. Cha pili hunasa asilimia 80, na kosa lake ni elektroni 2. Chenga za asili mbalimbali hujumlishwa kwa kujumlisha miraba yake na kutafuta kipeuo cha pili. Kihisi cha kwanza kina ishara 36 na chenga 10, yaani uwiano wa 3.6. Cha pili kina ishara 32 na chenga 6, yaani uwiano wa 5.3. Kilichonasa kidogo kimetoa picha iliyo safi zaidi.

Sasa mwanga uongezwe mara mia, fotoni ziwe 4,000. Kihisi cha kwanza hupata ishara 3,600 na uwiano wa 59 na nusu hivi. Cha pili hupata ishara 3,200 na uwiano wa 56 na nusu hivi. Ushindi umegeuka, kwa sababu kosa la usomaji limezama katika nasibu ya fotoni zenyewe. Vivyo hivyo katika mji wenye taa nyingi: mwanga wa anga huleta nasibu kubwa hata utulivu wa ziada wa usomaji usionekane. Apigaye picha fupi nyingi, au atumiaye vichujio vyembamba chini ya anga jeusi, atafute kwanza usomaji mtulivu. Apigaye picha ndefu atafute unasaji na upozaji. Apimaye mwanga wa nyota kwa hesabu atafute ujazo na uthabiti. Na kwa kuwa Sony ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaacha kutengeneza CCD, anayenunua kamera mpya aghalabu atakuta CMOS. Yafaa ajue kwamba ila za CMOS si zile zilizoelezwa katika vitabu vya zamani.

Ni wazi, basi, kwamba neno "unyeti" likiachwa peke yake halitoshi. Laweza kubaki kama jina la jumla, lakini kamusi na vitabu vya shule vyahitaji chini yake maneno manne yasiyochanganywa: unasaji, ujazo, ukuzaji na utulivu. Ila nazo zitajwe kwa sababu zake, kama elektroni za joto na mfuriko, au kwa sura zake, kama chenga na pikseli pofu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa maneno hayo, akisoma tangazo linalosifu kamera kwa unyeti wake, ataweza kuuliza ni unyeti upi.